Mfereji wa joto, na habari ya mafiga matatu juu ya matatu

Mwezi wa pili, kaskazi imekolea, nilipanda gari ya abiria kutoka Wete kwenda Chake, nikapata siti ya upande wa jua, simu nimeipakata mapajani imechomekwa pawabenki na huku natumia intaneti yake. Tunafika Chake ishajizima wenyewe, mgongo haushikiki. Nikaipeleka kwa fundi, akaipuliza hewa ya moto gundi ilegee, akatoa kioo taratibu, na chini yake pakatokea kikaratasi cheusi, chembamba kuliko jani la daftari, kinang'aa kidogo kama risasi ya penseli ilosuguliwa, pembeni kishaanza kuchanika. Nikamuuliza, fundi hichi nini? Akanambia, "Maalim, hichi ndo kinachotawanya joto. Kikiondoka hichi simu inaungua pahala pamoja tu, hapa kwenye prosesa, pengine kote baridi."

Kikaratasi kile ni grafiti, kitu kilekile cha ndani ya penseli, ila kimetengenezwa vizuri kikalala tabaka juu ya tabaka. Na mie nilirudi nyumbani na kitu kimoja kichwani ambacho mpaka leo hakijanitoka: kikaratasi kile kazi yake ni moja, kinatawanya joto mchana na usiku, utake usitake, huwezi kukiambia saa hizi pitisha, saa hizi zuia. Umeme una swichi. Maji yana mfereji, unafungua unafunga. Joto mfereji wake uko wapi?

Ukifikiri utaona sisi binaadamu joto kwa kawaida hatulifungii mfereji, tunachofanya ni kubadilisha kitu kwa kitu. Bati linachoma, basi unaweka makuti. Kijiko cha chuma kinaunguza mkono, basi unatumia mwiko wa mti. Nyumba za Mji Mkongwe kuta zake za mawe na chokaa ni nene kweli kweli, na ndo mana ukiingia ndani saa nane mchana unahisi umeingia pahala pengine. Lakini ukuta ule hauwezi asubuhi ukawa ukuta na usiku ukawa bati. Kitu ni kilekile na tabia yake ni ileile.

Sasa kuna watu kwenye maabara wamechukua njia nyengine, nayo ndo nataka kuieleza hapa kwa urefu kwa sababu naiona nzuri sana na kwa Kiswahili sijaikuta imeelezwa. Wanasema usibadilishe kitu. Atomu ziache zilezile, idadi ileile, badilisha namna zilivyokaa tu. Wenyewe wanaita fezi ya kristali, mie hapa nitaita mkao, mana ndo neno letu na linatosha.

Kabla hujasema haiwezekani, angalia barafu. Barafu na maji ni kitu kimoja, chembe zilezile, tofauti ni mkao tu. Namna kitu kinavyopitisha joto inapimwa kwa namba inayoitwa wati kwa mita kwa digrii, jina refu ila maana yake nyepesi, namba ikiwa kubwa joto linapita kwa urahisi. Maji baridi yana kama 0.6. Barafu ina 2.2. Karibu mara nne! Yaani maji yakikaa kwa mpango yakawa kristali yanapitisha joto mara nne zaidi kuliko yakiwa yamevurugika. Na almasi na grafiti ya penseli vilevile, zote ni kaboni tupu, lakini almasi inapitisha joto kama 2,000 upande wowote utakaoliingizia, na grafiti inafika huko kwa kufuata tabaka tu, ukitaka lipite kutoka tabaka hili kwenda la chini yake unapata chini ya 10. Kwa kulinganisha, shaba ni 400, kioo cha dirisha ni kama 1, na hewa iliyotulia ni 0.026 tu.

Shida ya barafu ni kwamba ikibadilika mkao inamwagika. Tunataka kitu kigumu kinachobaki kigumu, kigeuke ndani kwa ndani. Lakini kwanza tufahamu joto lenyewe linatembea vipi.

Tulipomwaga zege la paa la madrasa ya mtaani kwetu tulijipanga mstari kutoka kwenye mashine mpaka juu, makarai yanapokezanwa mkono kwa mkono. Hakuna mtu aliyetoka pahala pake, lakini zege limefika. Joto ndani ya kitu kigumu linakwenda hivohivo, atomu hazihami, zinatikisika, na mtikisiko wa moja unamsukuma jirani yake na jirani anamsukuma wa mbele. Mtikisiko huo unaotembea kwa pamoja kama wimbi una jina lake, fononi. Wale waliokuwepo siku ile wanajua nini kilikuwa kinaharibu mstari. Akiwekwa mtoto katikati ya watu wazima, karai linachelewa pale. Wakikutana watu wenye mwendo tofauti, wa huku wanarusha upesi na wa kule wanapokea pole pole, pale zinarundikana. Na watu wakiwa wengi mno wanagongana wenyewe kwa wenyewe. Fononi ni hivo hivo kabisa: atomu nzito na nyepesi zikichanganyika, mipaka kati ya sehemu mbili zisizofanana, kasoro, na fononi kugongana na fononi wenzake, ambako kunazidi kila joto likipanda, jambo ambalo mwanafizikia Rudolf Peierls alilieleza kwa hesabu tokea mwaka 1929.

Kwenye metali kuna na wengine, elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba umeme. Hawa hawapokezani. Hawa ni kama kijana aliyebeba karai lake mwenyewe anakimbia nalo mpaka juu. Ndo mana vitu vinavyopitisha umeme vizuri kwa kawaida na joto vinapitisha vizuri, na wanafizikia Wiedemann na Franz waliligundua hilo mwaka 1853, kabla hata ya mtu kujua elektroni ni nini. Kwahiyo una wabebaji wawili, fononi na elektroni, na mkao wa kristali unawagusa wote wawili kwa mpigo. Hili likumbuke, mbele tutalirudia.

Haya, sasa vitu vya tabaka. Mwaka 2004 Andre Geim na Konstantin Novoselov, wakiwa Manchester kule Uingereza, walichukua grafiti wakaibandua kwa utepe wa gundi, ule wa kawaida wa kufungia bahasha, wakabandua na kubandua mpaka wakapata tabaka moja tu la atomu. Hilo ndo grafini, na mwaka 2010 wakapewa Nobel ya fizikia. Mwaka 2008 kundi la Alexander Balandin wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, lilipima joto kwenye grafini iliyoning'inizwa hewani likapata karibu 5,000. Vipimo vya watu wengine baadae vimetoka chini ya hapo, lakini hata ukichukua 2,000 bado ni mara tano ya shaba, kwa kitu chenye unene wa theluthi moja ya nanomita! Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita.

Grafini ni maarufu lakini kwa habari yetu ya leo siyo yenyewe, kwa sababu kaboni zake zimeshikana kwa nguvu mno, hazigeuki mkao kirahisi. Tunayemtaka ni mwengine, na huyo ukienda gereji yoyote utamkuta. Muangalie fundi gari anapofungua viungo vya eksili ya mbele, ndani mna grisi nyeusi tii, ukiigusa vidole vinateleza na ule weusi hata kwa sabuni ya mche hautoki upesi. Grisi nyingi za namna ile zimetiwa molibdeni salfaidi, yaani metali ya molibdeni imekaa na salfa, kila molibdeni moja na salfa mbili. Inateleza kwa sababu ni matabaka matabaka, ndani ya tabaka atomu zimeng'ang'aniana, lakini tabaka na tabaka zimegusana tu juu juu, zinasukumika kama mikeka iliyopangwa. Teluri, ndugu yake salfa, ikikaa pahala pa salfa unapata molibdeni teluraidi, na badala ya molibdeni ukiweka tangsteni unapata ndugu zao wengine. Ukoo mmoja mkubwa.

Na hapa kwenye mikeka nikae kidogo. Mamangu anasuka. Anachukua miyaa ya ukindu, anasuka ukili mrefu, alafu zile kili zinashonwa pamoja ndo mkeka. Ukindu huohuo mmoja, mkono ukibadilisha namna ya kupitisha miyaa, juu moja chini moja, au juu mbili chini mbili, unapata ukili mwengine kabisa, mmoja mkavu mgumu, mwengine unalegea ukiukunja. Hukuongeza kitu, hukupunguza kitu.

Molibdeni salfaidi ina mikao miwili mikuu na mie nimeona njia nyepesi ya kuifahamu ni mafiga. Weka mafiga matatu chini kama kawaida. Sasa katikati, juu yake, weka ndimu, hiyo ndo molibdeni. Alafu fikiria mafiga mengine matatu yamekaa juu ya ndimu. Kwenye mkao wa kwanza, kila figa la juu limesimama sawasawa juu ya figa la chini, ukichungulia kutoka juu unaona matatu tu. Huu unaandikwa 2H, ndo mkao wa kawaida, ndo uliomo kwenye grisi, na ndani yake umeme unapita kwa shida, ni semikondakta. Kwenye mkao wa pili yale matatu ya juu yamekaa juu ya nafasi, siyo juu ya wenzao, ukichungulia kutoka juu unayaona yote sita kama nyota. Huo ni 1T, na hapo kitu kilekile kinageuka metali. Na upo wa tatu, mtoto wa huo wa pili, unaandikwa 1T na alama ndogo juu yake, ambapo molibdeni zenyewe haziridhiki kukaa mbalimbali sawasawa, zinasogeleana, zikafanya mistari ya kukunjakunja. Ukoo wa teluri ndo unaoupenda mkao huu, na molibdeni teluraidi kati ya 2H na huu wa tatu tofauti ya nishati ni ndogo sana, yani imekaa kama mtu aliyesimama mlangoni, ukimsukuma kidogo tu anaingia au anatoka.

Kumsukuma kuna njia kadhaa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walipiga hesabu wakaonyesha kwamba kuivuta tu ile tabaka ikanyooka kidogo kunaweza kuigeuza. Mwaka 2015 kundi la Korea Kusini, Chuo Kikuu cha Sungkyunkwan, lilitumia leza, pale leza ilipopita molibdeni teluraidi ikageuka metali na pengine pakabaki kama palivyokuwa, kama unachora, ila mchoro ule haufutiki kwa sababu leza inafukuza baadhi ya teluri. Mwaka 2017 watu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliigeuza tabaka moja kwa umeme tu, wakaijaza elektroni kwa volti ikageuka, wakazitoa ikarudi. Kwangu mie hili la 2017 ndo kubwa kuliko yote, mana volti ni kitu tunachokijua, volti inaingia kwenye swichi.

Ya zamani kuliko zote ni lithiamu, hii hii ya betri za simu. Ayoni za lithiamu, yani chembe zake zenye chaji ya umeme, ni ndogo, zinapenya baina ya tabaka na tabaka ya molibdeni salfaidi, na kila moja ikiingia inaacha elektroni yake pale kama mgeni aliyekuja na zawadi. Zawadi zikizidi nyumba haiwezi kukaa kama ilivyokuwa, mkao wa 2H unaelemewa na salfa za juu zinasogea, 1T inaanza kuota hapa na pale. Hili limejulikana tokea miaka ya 1980 mwanzoni, na kulikuwa na betri zilizotengenezwa Kanada muongo huohuo zikitumia mambo hayo hayo.

Sasa joto. Umeigeuza, joto linafanya nini?

Wengi wanadhani jibu ni jepesi, kwamba ikiwa metali basi itapitisha joto zaidi kwa sababu elektroni zimeongezeka. Siyo hivo, au siyo hivo peke yake, na hapa ndo utamu wa jambo hili ulipo. Ukigeuza mkao unawaongeza elektroni, kweli, wale wakimbiaji na makarai yao. Lakini wakati huohuo unauharibu mstari wa wapokezaji. Mkao wa tatu, ule wa mistari ya kukunjakunja, hauna usawa wa pande zote kama 2H, una namna nyingi zaidi za kutikisika, na fononi wakiwa na njia nyingi za kutikisika wana njia nyingi za kugongana. Tena joto linalofuata mistari ile na joto linaloikata mistari ile halipiti sawa. Kwa kuwa kwenye vitu hivi fononi ndo wanaobeba mzigo mkubwa, kinachoamua mara nyingi ni hao, siyo elektroni.

Alafu kugeuka hakutokei kote kwa pamoja. Kati ya mwanzo na mwisho kuna wakati ambao nusu ni 2H na nusu ni 1T, madoa madoa, na kila doa lina mpaka wake. Mpaka ule ndo wale watu wawili wa mwendo tofauti kwenye mstari wa zege. Kwahiyo unaweza kuwa na mikao miwili ambayo kila mmoja peke yake unapitisha joto vizuri, na ukiichanganya mchanganyiko wake ukapitisha kidogo kuliko wote wawili. Mie nilipolifahamu hili nilikaa kimya muda mrefu. Kumbe mfereji siyo huu mkao wala ule, mfereji ni mvurugano wa baina yao, na mvurugano ule unaweza kuupima, uuzidishe au uupunguze.

Siyo nadharia tu. Mwaka 2016 ilichapishwa kazi ambayo watafiti waliingiza lithiamu kwenye kristali nene ya molibdeni salfaidi kidogo kidogo. Kabla ya lithiamu, joto la kufuata tabaka lilikuwa linapita mara 52 zaidi ya joto la kuvuka kutoka tabaka kwenda tabaka. Walipofika lithiamu 34 kwa kila molibdeni 100, ikawa mara 110. Yani kuvuka kumezibika zaidi kuliko kufuata. Na sababu walizotoa ndo hizo hizo, mikao imechanganyika na tabaka zimepangika ovyo.

Mwaka 2018 Stanford wakaenda mbele. Walichukua kipande chenye unene wa nanomita kama 10 tu, wakakiweka ndani ya kitu kilicho kama betri ndogo, wakawa wanaingiza lithiamu na kuitoa huku wanapima joto palepale. Lithiamu ikiingia, joto linalovuka linashuka karibu mara kumi. Ikitoka, linarudi. Ikiingia, linashuka. Wakakiita transista ya joto, kwa mfano wa ile swichi ndogo ya umeme iliyomo ndani ya chipu. Mara kumi! Barafu na maji ni mara nne, na hapa hakuna kilichomwagika. Lithiamu pale inafanya kazi tatu kwa pamoja, inachanganya mikao, inazitanua tabaka zikae mbali mbali, na yenyewe iko katikati haijashikwa vizuri inatikisika ovyo, fononi wakipita wanajikwaa nayo.

Utauliza wanapimaje joto kwenye kitu ambacho ukikiweka ubavuni mwa unywele huo unywele ni maelfu ya mara. Hawatumii kipimajoto. Wanapaka juu yake metali nyembamba, wanaipiga kwa mwako mfupi wa leza ipate moto kidogo, na muda mfupi sana baadae wanaipiga mwako wa pili wa kuangalia tu. Metali ikiwa ya moto inarudisha mwanga tofauti kidogo na ikiwa imepoa. Kwa kuhesabu inapoa kwa upesi gani wanajua joto limekwenda chini kwa upesi gani, na hapo namba inatoka. Balandin na wenzake kwenye grafini walifanya kwa njia nyengine, leza moja inapasha na huohuo mwanga wake unaorudi unabadilika rangi kidogo kufuatana na moto.

Kuna na habari ya kuzungusha tabaka, ambayo kwa ukweli siyo mkao wa ndani ya tabaka bali ni mkao wa tabaka kwa tabaka, lakini nikiiacha nitakuwa nimekunyima. Mwaka 2021 kundi la Chuo Kikuu cha Chicago lilipanga tabaka za molibdeni salfaidi moja juu ya moja, lakini kila moja wakaiweka kwa pembe yake, ovyo, kama mikeka iliyotupwa bila kulinganishwa. Kufuata tabaka joto linapita kwa namba ya kama 50, kuvuka tabaka ni 0.057, yani ni kama unaukaribia upepo wenyewe, hewa ni 0.026. Tofauti ya karibu mara 900 ndani ya kitu kimoja! Na miaka miwili kabla yake, 2019, Stanford walipanga grafini, molibdeni salfaidi na tangsteni selenaidi, unene wote nanomita chache, ikazuia joto sawa na kioo cha silika chenye unene zaidi ya mara 100 yake. Tabaka moja lina mwendo wake wa kutikisika na la chini lina wake, mstari unakatika kila hatua.

Na zile elektroni niliosema tutazirudia, hadithi yao haijaisha. Kuna kitu chengine, vanadi dioksaidi, siyo cha tabaka lakini ni jirani, kikifika nyuzi 68 kinageuka mkao na kuwa metali. Kwa sheria ya Wiedemann na Franz ingebidi joto linalobebwa na elektroni lipande sana. Mwaka 2017 ilichapishwa kazi kutoka Berkeley inayoonyesha kwamba halipandi inavyotakiwa, elektroni zinapitisha umeme lakini joto zinalibeba kidogo mno kuliko sheria inavyosema. Zinatembea kwa pamoja kama maji badala ya mmoja mmoja. Ndo mana nasema usimuamini mtu anayekwambia kikigeuka metali basi joto limefunguka.

Faida yake nini? Nseme ukweli wangu, hichi hakitakuja kuwekwa kwenye paa la nyumba, wala kwenye dishi la samaki la mchuuzi wa Darajani anayetaka barafu yake ifike jioni. Ni vyembamba mno na vipande vya maabara ni vidogo kuliko punje ya mtama. Pahala pake ni ndani ya chipu. Prosesa ya simu ina sehemu inayochemka na pembeni yake sehemu isiyotaka moto, kumbukumbu na betri, na umbali baina yao ni mdogo sana. Ukiwa na mfereji, asubuhi simu ikiwa ya baridi unaufunga, joto la prosesa lisifike kwenye kumbukumbu na betri, mchana wa kaskazi unaufungua wote joto litoke upesi. Kikaratasi cha fundi wa Chake hakijui asubuhi wala mchana.

Kilichobaki kigumu ni mwendo. Kifaa kile cha lithiamu kinahesabu dakika kufungua na kufunga, kwa sababu ayoni inabidi itembee yenyewe kwa miguu yake mpaka ndani na kurudi, na chipu haisubiri dakika. Kugeuza kwa volti kama walivyofanya kwenye teluraidi hakungoji ayoni ipenye baina ya tabaka, lakini tabaka moja likiwekwa juu ya kitu chengine joto lake linavuja kwenda chini kwenye sakafu yake, hujui umepima tabaka au umepima sakafu, na ukilining'iniza hewani kulifikishia volti ni kazi nyengine. Mara kumi nayo ni nzuri lakini swichi ya umeme inatofautisha milioni na zaidi. Joto halikubali kuzibwa kama umeme, kila kitu kinalipitisha kidogo.

Wiki ilopita darasani nilileta mawe sita na ndimu. Watoto wa kidato cha tatu wakayapanga wenyewe, matatu chini, ndimu, matatu juu tumeyashikilia kwa vijiti, alafu nikawaambia watoe mkao wa kwanza wawekee wa pili. Wakazungusha ya juu, wakachungulia, wakahesabu sita. Mmoja wao, mtoto wa kike wa mstari wa mbele, akauliza, "Maalim, kwani ndimu imesogea?" Tukaangalia sote. Haikusogea. Yaliosogea ni yale matatu ya juu tu, na kwenye molibdeni salfaidi yenyewe umbali huo ni kama 0.18 ya nanomita.